Farasi Mia Mbili na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema. Nimekalia pini mara mbili tu.

Mama Watoto amepata kazi ya sare za shule. Mia mbili, zinatakiwa mwisho wa mwezi. Anashonea chumbani kwetu. Cherehani moja dirishani, ya pili mlangoni, na meza ya kukatia ni kitanda. Nikitaka kujinyoosha mchana, lazima kwanza niombe ruhusa kwa kola arobaini. Leo asubuhi amenisimamisha sebuleni, tepu shingoni, akaniambia bila kupepesa macho: Mzee, nakitaka chumba cha gari.

Chumba cha gari!

Mle anakaa Malkia. Milango miwili, mwekundu, silinda sita, kainama chini kama paka anayenyatia. Gari la spoti la kweli. Miaka kumi na tisa namfunika shuka kwa mikono yangu. Kitabu chake kinasema nguvu za injini ni farasi 204. Mimi si mtu wa vitabu, shule niliiacha darasa la tatu wakati mwalimu bado ananihitaji, lakini ukurasa ule nausoma bila miwani. Namba nimeipaka mlangoni mwake kwa rangi nyeupe. Ile nne imetoka kama kiti. Haidhuru. Farasi hawasomi.

Nikamweleza Mama Watoto kwamba farasi mia mbili na nne hawawezi kulala nje. Akauliza wanakula nini hao, maana kwa miaka kumi na tisa hajaona hata mmoja akija kuomba maji.

Hapo ndipo akaingia shemeji, kaka yake. Wote tunamwita Mizani, kwa sababu alifanya kazi kwenye mizani ya malori miaka ishirini na saba. Mpaka leo ukimsalimia anakutazama kama anakadiria tani. Ana kigari cha kijani, viti viwili, kidogo kama kiatu cha mtoto. Farasi 115. Mia na kumi na tano! Na yeye anakiita gari la spoti. Nilimwambia shemeji, hicho kivae mguuni.

Akasema kulipima gari la spoti kwa namba ya farasi tu ni hesabu ya mlevi. Eti kigari chake kina kilo 920 na Malkia ana 1,720, kwa hiyo farasi wangu wamebebeshwa mzigo, tena wazee. Nikamkumbusha kwamba mimi nimeendesha katapila miaka thelathini na moja. Farasi mia mbili na ishirini! Nimesukuma vilima mimi! Nani wa kunifundisha habari za farasi?

Akasema kweli kabisa, shemeji, na nakumbuka siku moja nilikupita hapo barabarani nikitembea kwa miguu, tena nimebeba godoro.

Wivu huo.

Mama Watoto akachoka nasi. Akakata shauri: Jumapili tupande barabara ya machimbo ya zamani, kona tisa, mmoja mmoja, yeye akae juu na saa. Malkia akishinda, anabaki chumbani na neno hilo halitatajwa tena mpaka mmoja wetu azikwe. Malkia akishindwa, anatoka yeye, zinaingia cherehani.

Nilikubali kabla hajamaliza. Mia mbili na nne kwa mia na kumi na tano! Namwonea huruma shemeji. Kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwosha Malkia. Nimemng'arisha mpaka nimejiona, na nimependeza. Nimekaa ndani tukanguruma pamoja, kwanza mimi kwa mdomo, kisha yeye kwa injini.

Jirani mchomeleaji aliacha geti alilokuwa analichomelea akaja kutazama. Akauliza farasi mia mbili na nne ni wengi kiasi gani. Nikamwambia ukiwapanga mstari mmoja hapa mlangoni, wa mbele atakuwa ameshafika sokoni wakati wa nyuma bado anafungwa hatamu. Akashika kichwa. Mtu mwenye akili, jirani yule.

Kisha nikapata wazo. Kwa nini nisubiri Jumapili? Fundi wa barabara ya pili amenunua mashine ya kupimia farasi. Gari linapanda juu yake, linakanyagwa mafuta mpaka mwisho, unapewa karatasi yenye muhuri. Nitampimisha Malkia kesho. Nitamwekea shemeji karatasi mezani, pap! Atajitoa mwenyewe, kwa aibu, na Jumapili nitalala.

Chakula kilikuwa kizuri. Kulikuwa na uzi ndani yake.

Jumatano, 5 Juni

Leo sitaki kuandika.

Nitaandika.

Malkia alipanda kwenye mashine, akafungwa mikanda huku na huku. Ni mapipa mawili ya chuma, yamelala. Matairi yanayazungusha, gari linakimbia bila kwenda popote, kompyuta inahesabu. Malkia alipiga kelele ya kutosha. Mabati yalitetemeka. Mteja mmoja alitoka nje na vidole masikioni. Mimi nilisimama mikono nyuma, kama baba wa bwana harusi.

Karatasi ikatoka. 141.

Nikamwambia fundi aigeuze, pengine imeendelea upande wa pili. Akaigeuza. Nyeupe. Nikamuuliza wale wengine sitini na watatu wako wapi.

Fundi huyu ni mwanamke mpole, ana mikono mikubwa kuliko yangu, huongea huku anafuta spana. Akasema Mzee wangu, ile namba ya kitabuni walipima injini ikiwa mpya, imewekwa peke yake, haina shughuli nyingine. Hapa tunapima kwenye tairi, gari likiwa zima. Wapo wanaobaki kwenye gia, wapo wanaobaki kwenye ekseli, na wengine, usinikasirikie, wamekufa kwa uzee. Nikamwambia kwenye chumba changu hakijafa kitu.

Akaongeza kwamba yeye akitaka kujua ubora wa gari la spoti hutazama kwanza breki, tairi na uzito, halafu huliendesha kwenye kona. Namba ya farasi ni ya kusimulia vijiweni. Hebu fikiria! Ana mashine ya kuhesabu farasi katikati ya karakana yake, halafu anasema farasi si hoja. Kama mwenye duka la viatu anayetembea peku.

Ila alinidokezea jambo moja la maana. Kuna waya mwembamba unaning'inia ukutani, ncha yake inapima joto la hewa. Siku ya joto kali hewa inakuwa nyepesi, injini inapumua kwa shida. Kwa hiyo kompyuta inamwonea Malkia huruma. Inamwongezea farasi kidogo ili pasiwe na dhuluma.

Inamwonea huruma. Hilo nimeliweka.

Karatasi nimeila. Si yote. Pale penye namba tu.

Alhamisi, 6 Juni

Pini moja, ubavuni.

Nimekaa kimya siku nzima. Mama Watoto akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nafikiri. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Shemeji amepita saa sita, kinywa hadi masikioni. Akasema shemeji, nasikia jana uliwapeleka farasi wako kliniki. Nikamwambia majibu bado hayajatoka. Akakaa, akaeleza kwa kirefu kwamba yeye namba hazimshughulishi, namba ni upuuzi mtupu, yeye anaamini kilo. Alipokuwa anaondoka akasema kesho saa nne atapita na yeye kwa fundi, kigari kipimwe. Kwa kuangalia tu.

Kwa kuangalia tu!

Jioni nimemwomba Mama Watoto ile chupa kubwa ya chai, ile isiyopoa mpaka kesho yake. Amenitazama. Hajawahi kuniona nikimbebea mtu chai. Nikamwambia moyo wangu umelainika. Akaweka tena kiganja kwenye paji.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya ushindi! Halafu ya mambo mengine.

Nilifika karakana saa tatu, chupa mkononi. Nikamwambia fundi tunarudia, juzi Malkia hakuwa na raha, na mimi nimekuletea chai, mwanangu. Akasema ahsante Mzee, iweke pale. Nikaiweka pale. Pale chini ya waya. Alipoinama kufunga mikanda nikafungua kifuniko, nikauzamisha waya ndani ya chai, nikasimama mbele yake nikipiga mluzi. Sijui kupiga mluzi. Ilitoka pumzi tupu. Ilitosha.

153!

Farasi kumi na wawili wamefufuka! Fundi akaitazama kompyuta, akakunja uso, akatazama mawingu nje. Nikamhimiza: chapa mwanangu, chapa, usiwaweke. Akachapa, akagonga muhuri.

Ningeondoka saa ile ile, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nani anashinda halafu anaondoka kabla adui hajafika? Nikavuta kiti. Saa nne juu ya alama shemeji akaingia na kiatu chake. Nikampa karatasi aisome. Akaisoma, akatoa daftari, akagawa, akasema kila farasi wako anabeba kilo kumi na moja na ushei, hao hawatafika mbali, waonee huruma. Kisha kigari kikapanda kwenye mapipa. Fundi akamwonya mapema asitegemee makubwa, kwa umri ule kikitoa tisini na nane ashukuru.

Kikatoa 107.

Waya! Waya bado uko ndani ya chai! Nimempikia adui yangu farasi tisa kwa chai yangu mwenyewe!

Na shemeji sasa, mtu wa kilo, mtu asiyejali namba. Aliishika karatasi kwa mikono miwili kama cheti cha shule. Akaisoma kwa sauti. Akamuuliza fundi kama ana uhakika, halafu akamkataza asijibu. Akasema mnaona, hakijazeeka hata kidogo. Machozi yalimlengalenga. Nimemjua miaka arobaini, sijapata kumwona hivyo, hata siku alipostaafu.

Nikaanza kusogea ukutani pole pole, nikijifanya namtafuta nzi. Fundi akaniwahi. Alikuwa na kiu, maskini. Akainua chupa amimine, chai ikaja, na waya ukaja. Akautazama waya. Akanitazama mimi. Akasema Mzee, kompyuta yangu inaamini tuko ndani ya tanuri.

Nikamwambia sukari nimeweka kidogo.

Akafuta namba zote mbili, akasema kigari kina tisini na nane kama alivyodhani, na Malkia ana zile zile zake za Jumatano. Akadai karatasi zirudi. Yangu niliirudisha, nikajikaza kisabuni. Shemeji akakataa! Mzee mzima, miaka ishirini na saba ya kukamata malori yaliyodanganya uzito, ameikunja karatasi ya uongo mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akawasha gari, akatoweka. Mama Watoto anasema wifi yake amepiga simu kuuliza ni karatasi gani hiyo iliyotundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi.

Fundi aliinywa chai. Akasema nzuri, ila ina ladha ya waya.

Jumamosi, 8 Juni

Basi karatasi imeshindikana. Sasa tunakwenda kwa ujuzi.

Swali: kwa nini katapila halitelezi? Jibu: zito. Barabara ya machimbo ina kokoto. Kigari cha shemeji, kwa wepesi ule, kitapeperushwa kama leso. Malkia lazima aishike ardhi. Nimetia mifuko minne ya mchanga kwenye buti, kilo hamsini kila mmoja. Jirani mchomeleaji kanisaidia kupakia. Akauliza kwani gari la spoti si linatakiwa liwe jepesi. Nikamuuliza yeye ameshawahi kuendesha katapila. Akabeba mfuko uliofuata. Swali hilo halijapata kushindwa na mtu.

Malkia sasa kainua pua, anatazama mbinguni. Kama mtu aliyeitwa jukwaani apewe zawadi.

Mama Watoto alitoka nje, akamzunguka Malkia mara moja. Akaenda mlangoni pa chumba cha gari, akapima upana kwa tepu, akauandika kwenye kiganja. Nikamwambia mama, una haraka. Akasema kupima ni kosa? Wewe mwenyewe wiki hii umepima mara mbili.

Nikaingia ndani nikakalia mkasi.

Jumapili, 9 Juni

Hewa safi, jua la wastani. Siku ya watu wakubwa.

Mama Watoto alikaa juu kabisa, kwenye jiwe, na mwavuli, simu na saa ya jikoni. Jirani mchomeleaji alikaa chini na simu yake na kipande cha kitambaa cha sare. Akikishusha, anasema sasa, na juu saa inabonyezwa. Fundi naye alikuja bila kuitwa, akasimama kona ya tano, ndiyo mbaya kuliko zote. Alisema amekuja kunyoosha miguu. Alikuja na sanduku la vifaa.

Shemeji kwanza. Nilimtazama nikiwa chini. Hakuna kelele, hakuna vumbi la kujivunia. Kigari kilipanda kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Kikaingia kona, kikatoka kona, kikapotea. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Nikacheka. Jirani akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia subiri.

Zamu yangu. Kitambaa kikashuka. Nikakanyaga.

Jamani! Kipande cha kwanza kimenyooka, na hapo naandika kwa mkono usiotetemeka: hakuna kitu chenye matairi kingetupita. Wote mia moja arobaini na mmoja kwa mpigo! Ndege waliruka kwenye miti. Nikampigia shemeji honi, ingawa alikuwa juu.

Kisha ikaja kona ya kwanza.

Kona hazijui kusoma kitabu cha gari. Malkia aliingia kama watu wanaopitisha kabati mlangoni. Kidogo huku, hapana, rudisha, kidogo kule, polepole ukuta. Tukitoka nakanyaga, tunanguruma, tunaanza kupata mwendo, kona nyingine hii hapa. Breki. Kona ya tatu breki zikaanza kunuka. Kona ya tano nikakata usukani na Malkia akakataa, maana mbele alikuwa mwepesi, mzigo wote uko nyuma. Tukateleza moja kwa moja mpaka hatua mbili kutoka alipo fundi. Hakusogea. Alisema neno moja. Naona lilikuwa mchanga. Kona ya saba mfuko mmoja ukapasuka. Nilifika juu nikiwa natafuna mchanga.

Mama Watoto aliitazama saa mara tatu. Hakucheka. Ndiyo maana nilimwoa. Akasema kwa upole, Mzee wangu, dakika nne na sekunde mbili. Nikamwambia saa hiyo ni ya kuchemshia mayai. Akasema mayai hayajawahi kulalamika.

Ahadi ni ahadi. Sikubishana. Nilibishana kidogo, mpaka saa saba.

Hapo shemeji akanirushia ufunguo wake. Akasema shemeji, shuka chini, panda na hiki, uonje. Nikakataa. Akasema basi, najua unaogopa. Nikaingia. Magoti yalifika masikioni. Nikashuka mpaka kwa jirani, kitambaa kikashushwa tena.

Mimi maisha yangu yote nimeendesha vitu vinavyosukuma. Hiki kinakwenda unakotazama. Ukiiwazia kona, kimeshageuka. Hakina fujo, hakichoki, breki unaigusa kwa kidole cha mguu. Wale farasi tisini na wanane ni wachache lakini wachangamfu, kama watoto kengele ya mwisho ikishalia. Kona ya tano nilisikia mtu anacheka kwa sauti, hahaa, hahaa, kama mwendawazimu. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari.

Dakika tatu na sekunde tano.

Nimempita shemeji kwa gari lake mwenyewe! Kwa sekunde saba! Makofi! Jirani na fundi wakapanda kutufikia. Jirani alinibeba begani, akanishusha haraka. Fundi akasema umeona sasa, Mzee, farasi wachache, gari jepesi, na kona zote zimekuwa zako. Shemeji akasema si ndiyo wimbo ninaouimba tangu Jumatatu. Mama Watoto akafunga mwavuli, akanitazama. Wote wakanitazama. Walikuwa wanangoja.

Nikawaambia ndiyo, nimeona. Nimeona kwamba dereva kama mimi, akipewa mia tatu, hakuna atakayemkamata.

Shemeji akakaa chini kwenye jiwe.

Jumatatu, 10 Juni

Tumehamisha. Cherehani mbili, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa, na Mama Watoto anaimba. Sikujua kama bado anaimba. Chumba cha gari kina mwanga mzuri, lazima niseme, nilikichagua mwenyewe.

Malkia yuko uani. Nilidhani nitaumia. Lakini Mama Watoto, kabla hata ya kushona sare moja, amemshonea Malkia joho la mabaki: bluu ya kaptula chini, nyeupe ya mashati juu. Amelitia kola. Vifungo sita mbele. Na mfuko wa kalamu upande wa kushoto. Watu wawili wamesimama uani kumsalimia Malkia na kumuuliza yuko darasa la ngapi. Wivu.

Shemeji alikuja kusaidia kubeba meza. Baada ya hapo tukafungua vifungo viwili tukaingia ndani ya Malkia, mimi kwenye usukani, yeye pembeni na daftari lake. Mvua ikaanza. Tukabishana farasi na kilo mpaka vioo vikaingia ukungu. Aliniambia kwa siri kwamba kila asubuhi anasimama mbele ya ile karatasi ya mia na saba. Nikamwambia ni namba nzuri. Akasema anajua ni ya chai. Nikamwambia nzuri hata hivyo. Mama Watoto alituletea sahani mbili, zikapitishwa dirishani. Hakukuwa na uzi.

Mchana nimelala kitandani. Kitanda kizima! Nimenyoosha mguu wa kulia, nimenyoosha wa kushoto. Hakuna pini, hakuna kola. Asiambiwe mtu, lakini ni raha tupu. Kupitia dirishani namwona Malkia na kola yake. Miaka yote ile alipokuwa chumbani mwake nilikuwa siwezi kumwona nikiwa nimelala.

Jumatano, 12 Juni

Siku kubwa kuliko zote. Naandika upesi.

Jana Mama Watoto ameletewa cherehani ya tatu, ile ya viwandani, ya umeme, ina mota yake chini ya meza. Leo asubuhi amekwenda shuleni kuchukua vipimo. Mimi nikaingia chumba cha gari kukagua kama kawaida ya mwenye nyumba. Nikainama chini ya meza. Mota ina kibati. Nikavaa miwani, nikasoma.

Nusu.

Nusu farasi! Mke wangu mimi, katika nyumba hii, anashonea nusu ya farasi, na zile mbili za zamani hazina hata mota! Nimeona aibu nikiwa peke yangu. Ndiyo maana sare zinakwenda taratibu. Ndiyo maana alitaka chumba! Kumbe shida haikuwa nafasi hata siku moja.

Nimemwita jirani mchomeleaji. Ana mota ya pampu ya maji, farasi wawili kamili. Mara nne! Tumeitoa ile ya kiwandani, tumeifunga hii, boliti nane, mkanda mpya, imekaa kama imezaliwa pale. Tumeijaribu kwa suruali yangu ya kijivu. Nimegusa kanyagio kwa ncha ya kidole tu. Mngurumo! Meza ilisogea hatua mbili kuelekea mlangoni. Sindano ilianzia kiunoni, ikashuka mguu wa kwanza, ikavuka, ikapanda wa pili, kabla jirani hajamaliza kusema angalia. Suruali sasa ina mguu mmoja mpana.

Jirani akasema huenda nguvu zimezidi. Nguvu hazizidi. Ile suruali ndiyo nyepesi, nimeivaa miaka mingi. Nimemtuma kwa mwenye mashine ya kusaga, kuna mota ya farasi watano inakaa bure.

Geti limelia. Mama Watoto huyo amerudi, na kitambaa cha bluu begani. Amenisalimia vizuri. Sijamwambia kitu, nataka aone mwenyewe. Sasa amevuta kiti, amekaa kwenye ile mpya. Anatandaza kitambaa. Mguu unatafuta kanyagio.